Fungua vifuniko vya makaa kabla ya kulipa

Mashine ya bei nafuu ya kutoboa au kukatia vyuma inamtosha kabisa mtu anayeitumia mara chache kwa mwaka, mradi kabla ya kulipa afungue kwa bisibisi vile vifuniko viwili vidogo vilivyo ubavuni mwa mota, ayatazame makaa yaliyomo, yaani vile vipande vidogo vya kaboni, kisha anunue hapo hapo jozi ya akiba yenye vipimo vile vile. Makaa hayo ndiyo yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na kwa kuwa yanasuguliwa muda wote, huisha mapema. Yakibaki milimita 5 hivi, cheche huongezeka na shaba ya ndani huanza kuungua. Hapa Goma vumbi la mawe ya volkano huingia hadi ndani ya mota, kwa hiyo mimi huyatazama kila nimalizapo kazi ya ukuta. Hata hivyo, umeme ukishuka na mota ikalazimishwa kuendelea hadi nyaya zake zinuke kuungua, makaa mapya hayataiokoa. Fundi anayekata vyuma kutwa, siku sita kwa juma, anunue ile ya gharama, kwa sababu gia na beringi za ile nafuu hazitamvumilia.