Kuchagua fokasi kabla bibi harusi hajaingia ukumbini

Mlango wa ukumbi ukishafunguliwa na MC ameshatangaza, muda wa kutafuta menyu ya fokasi (jinsi kamera inavyolenga umbali ili picha itoke kali) haupo tena. Bibi harusi anayeingia kwa mwendo wa pole husogea kama nusu mita kwa sekunde. Ukitumia lenzi ya 85mm kwenye kamera ya fulfremu (yenye kihisi kikubwa), umefungua tundu lake la mwanga hadi f/1.8, naye yuko mita 2 mbele yako, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 6 hivi. Ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde ameshasogea sentimita 5. Ndiyo maana unakuta hereni zimetoka safi na macho yana ukungu.

Kwa hiyo, kabla ya yote jiulize nani atakuwa anatembea. Kama ni yeye, wewe, au nyote wawili, weka fokasi ya kufuata: AF-C kwenye Nikon na Sony, AI Servo au Servo kwenye Canon. Kamera itaendelea kurekebisha umbali muda wote unaobonyeza shata (kitufe cha kupigia picha) nusu. Usisubiri mlio, kwa kawaida hapa haulii. Wengi hudhani kamera imeharibika, wakarudi kwenye AF-S, fokasi ya kufunga mara moja, na kupoteza picha zote za kuingia.

AF-S, ambayo Canon huiita One Shot, hufunga fokasi mara moja na kuiacha hapo. Ni ya maharusi walioketi jukwaani, keki, na picha za pamoja za familia. Ukiwa kwenye AF-S unaweza kufunga fokasi kwenye jicho, kisha ukageuza kamera kidogo kupanga picha. Usifanye hivyo kwenye AF-C, maana kamera itakamata chochote kilichoangukia kwenye alama ya fokasi (kisanduku unachokiona ukichungulia), mara nyingi pazia la nyuma. Badala yake sogeza alama yenyewe hadi usoni, au washa utambuzi wa macho kama kamera yako inao. AF-A na AI Focus, zinazojiamulia zenyewe, ziache: mara nyingi hushtuka mtu ameshaanza kutembea.

Mwanga hafifu wa ukumbi unataka maandalizi yake. Kamera inatafuta tofauti ya mwanga na kivuli, hivyo ukiielekeza katikati ya gauni jeupe lisilo na mapambo, lenzi itazunguka huku na huku bila kushika. Lenga ukingo wa shela unapokutana na nywele, au kola nyeusi juu ya shati jeupe. Kwenye DSLR (kamera yenye kioo ndani) tumia alama ya katikati, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Taa ya kusaidia fokasi usiitegemee ukiwa kwenye AF-C, kwani kamera nyingi huiwasha kwenye AF-S tu.

Pete ziko mezani? Lenzi nyingi za 50mm hazishiki kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 35 hadi 45. Rudi nyuma, au tumia lenzi ya makro (ya vitu vya karibu sana), uhamie MF (fokasi ya mkono), ukuze picha kwenye skrini na uzungushe ringi taratibu. Ukimaliza rudisha swichi ya lenzi kwenye AF papo hapo. Swichi iliyosahaulika kwenye MF imeharibu harusi nyingi kuliko lenzi mbovu.

Kagua pia kigurudumu kidogo kando ya kidirisha cha kuchungulia. Kizungushe mpaka maandishi yaliyo ndani yasomeke vizuri. Kikiwa kimehama, utaona ukungu hata pale fokasi ilipo sahihi.

Wageni wakiwa bado wachache, mwombe mwenzako atembee kutoka mlangoni hadi ulipo. Piga mfululizo kwa kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde au zaidi, kisha kuza kila picha hadi uone kope. Picha ya kwanza ikiwa kali na zinazofuata zinazidi kufifia, bado uko kwenye AF-S. Zote zikiwa kali nyuma ya mtu, alama ya fokasi haikuwa usoni.