Kabla Hujampelekea Fundi Kitambaa cha Jukwaani

Nenda mazoezini kwanza. Kaa pembeni na daftari, mtazame msanii akifanya kila atakachofanya siku ya onyesho, ndipo uulize bei ya kitambaa. Wengi wetu hapa Kisumu huanzia Kibuye kwenye mitumba, na Jumapili soko likijaa ni rahisi kuangukia gauni la harusi lenye lasi hadi chini, ukasema, "Hili ni la MC wetu." Hujajua kama MC atapanda ngazi za mbao mara sita usiku huo, tena mkono mmoja umeshika maiki.

Niliwahi kuwashonea vijana wa sarakasi mashati ya satini ya manjano. Yaling'aa, na mimi nikajiona fundi wa mafundi. Walipofika kwenye piramidi, kijana wa juu alipoweka unyayo begani mwa mwenzake, satini iliteleza juu ya ngozi yenye jasho, naye akashuka na kundi lote. Mkeka ulikuwapo, hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo huuliza: nani anamkanyaga nani, nani anashikwa wapi, nani anapiga samasoti? Anayebeba wenzake namwacha mabega wazi, au namvisha fulana ya pamba inayombana. Vifungo vya mgongoni, mshipi wenye chuma, mkufu na hereni vyote vinabaki kwenye begi. Kidole cha anayemdaka mwenzake hewani kikinasa kwenye pambo, pambo halivunjiki, kinachovunjika ni kidole.

Halafu kwapa. Shati la kawaida ukiinua mikono hupanda lote na kitovu kikatoka kusalimia watu. Dawa yake ni kipande kidogo cha umbo la almasi kinachoshonwa chini ya kwapa, na kingine kati ya mapaja kwenye suruali. Mwambie fundi kabla hajakata, maana mkono ukishakatwa vibaya kitambaa hakirudi. Siku ya kujaribu, usimsimamishe msanii mbele ya kioo kama wa picha ya kitambulisho. Achuchumae, ainue mikono, apige hatua ndefu, alale chali kisha ainuke. Mshono ukilia, vua, rudi kwa fundi.

Mchekeshaji hana mengi, ila kama atatumia maiki ya kubandika, mshonee mfuko wa kile kikasha chake cha kurushia sauti nyuma ya kiuno, ndani, mbali na jasho. Mtu wa mazingaombwe atataka mifuko ya siri. Shona alipoonyesha, usimwulize ni ya nini.

Wachezaji wa ngoma wanaobadili nguo ndio hunitoa jasho. Dada akitoka na sketi ya katani kwenye ohangla, ngoma ya Wajaluo, na wimbo mmoja baadaye anatakiwa arudi na kitenge, hana muda wa vifungo kumi na viwili. Weka velkro, ule utepe wa kunasana, nyuma ya vifungo vya uongo. Ila velkro hunasa lasi na nyuzi za katani, na ikifunguliwa spika zikiwa kimya, hata walio nyuma watasikia krrr. Fanyeni zoezi la kubadili gizani, mkitumia saa.

Taa nazo hudanganya. Nyekundu chini ya taa ya kijani huonekana kama nyeusi, na bluu iliyokolea humezwa na pazia jeusi. Peleka kipande cha kitambaa ukumbini, omba taa ziwashwe, kisha kitazame ukiwa kiti cha mwisho.

Joto la ziwani halikwishi na jua. Poliesta hainywi jasho; pamba hunywa, ikawa nzito, na ikiwa ya kijivu kila tone litaonekana. Mimi huchukua nyeupe, nyeusi au kitenge chenye maua mengi, na ndani fulana nyepesi ya pamba. Mkienda Nakuru mambo hugeuka. Kule ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, jioni baridi inauma, hivyo mwanasarakasi abaki na jaketi hadi aitwe, misuli isikaze. Anayecheza na moto avae pamba tupu, maana nailoni na poliesta huyeyuka zikagandia ngozini, na sketi za katani zisimkaribie kabisa.

Kuna na mambo ya sheria. Ngozi ya mbega kichwani hupendeza kwenye ngoma za huku Magharibi, lakini kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, kuwa nayo bila kibali ni kujitafutia kesi. Zulia la bafuni la mtumba lenye manyoya marefu, ukilikata vizuri, halitofautiki ukiwa mita tano. Askari wa kuchekesha naye mbunie sare isiyofanana na ya polisi wala jeshi. Zambarau yenye kofia kubwa kupita kiasi huchekesha zaidi.

Begi la dharura: sindano zilizotiwa uzi tayari, mweusi na mweupe, pini, mkasi, lastiki. Kama mko Kisumu Jumamosi na Kakamega Jumapili, hakuna muda wa kufua. Vodka iliyozimuliwa kwa maji ukiinyunyiza kwapani mwa nguo hupunguza harufu, baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana. Na vilemba usikubali vipandishwe kwenye keria ya matatu. Mimi huvipakata, hata makanga akinitoza kiti cha pili.