Kabla hujatia injini ya dizeli kwenye pikapu kuukuu

Injini za dizeli za mtumba zinashuka bandari ya Kilindini kila leo, na mwenye Hilux ya petroli ya miaka ya 1980 hakosi wa kumshawishi. Sawa, fanya. Lakini kabla hujatoa arubuni, lala chini ya gari. Wewe mwenyewe, si fundi. Beba tochi, nyundo ndogo na brashi ya waya.

Chasisi ya gari lililozeekea pwani haiaminiki kwa macho. Kwa mbele ni boksi lililofungwa pande zote. Mchanga na unyevu wa chumvi huingia kwenye matundu, vikakaa humo, na kutu ikala kutoka ndani. Nje rangi inang'aa, ndani bati limebaki kama karatasi. Gonga kila shubiri moja. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa. Maganda ya kutu yakimwagika kwenye tundu la chini, mazungumzo ya injini yaishe hapo hapo mpaka chasisi itengenezwe.

Pili, jua unabebesha nini. Injini za petroli za zamani hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta mara 8 au 9 hivi. Dizeli za umri huo hubana hewa zaidi ya mara 20 ili mafuta yawake bila plagi ya cheche. Ndiyo maana bloku lake ni nene na zito, na likinguruma hutikisa gari zima. Uzito na mtikiso wote huo unashukia kwenye mauntingi, yaani vishikizo vya injini: mbili za mbele na moja ya giaboksi.

Toyota wenyewe walitoa Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L miaka hiyo hiyo. Ukipata nusu-gari, yaani kipande cha mbele cha gari lililokatwa, la aina hiyo, chukua kila kitu: mauntingi, sampu (bakuli la oili chini ya injini), giaboksi, krosmemba (chuma kinachokatiza na kuunganisha pande mbili za chasisi). Injini tupu ni rahisi dukani tu. Gharama utaikuta gereji.

Sasa la krosmemba, na hapa nisikilize vizuri. Jirani yangu mmoja wa Likoni alitiliwa injini ya Isuzu kwenye Hilux. Sampu ikagonga krosmemba ya mbele. Fundi hakuuliza mtu, akawasha grainda, akaikata katikati. Kisha akabandika mabamba ya mauntingi kwenye chasisi na kuyazungushia weldingi pande zote nne, hadi ukingo wa chini kabisa. Akapiga rangi nyeusi, kazi ikapendeza, gari likaanza kubeba simenti na mawe.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlango wa dereva. Ukiufungua, unakwaruza fenda kwa juu. Wakasema bawaba, wakabadilisha bawaba, ukakwaruza tena. Nilipoingia chini nikaona mstari wa kahawia umechuruzika juu ya ile rangi nyeusi, kandokando ya weldingi, umeanzia ukingo wa chini unapanda. Nikapitisha ukucha, ukazama. Nikamwambia asipakie. Akasema mzigo wa leo tu, ni wa watu. Maji yalikuwa yamekupwa, feri iko chini, kupanda kutoka pale ni mlima. Magurudumu ya mbele yalipokanyaga zege, chasisi ikapinda, injini ikaenda mbele, feni ikala rejeta. Likasukumwa kwa mikono huku foleni nzima ya kivuko ikimpigia honi.

Chasisi yenye mzigo hutaka kushuka katikati. Ukingo wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Moto wa weldingi nao hudhoofisha chuma cha pembeni yake, kwa hivyo ukipitisha weldingi wima kukatiza chasisi, umeichorea pa kukatikia. Basi weldingi na matundu yasiguse kingo za juu wala chini. Bamba la kuongeza nguvu liwe refu kuliko mauntingi, ncha zikatwe mshazari, lichomelewe kufuata urefu wa chasisi. Bolti zipite ubavuni, na ndani ya boksi zitiwe kipande cha bomba. Bila bomba, ukikaza boksi linabonyea na bolti inalegea. Krosmemba isikatwe mpaka nyingine yenye umbo la kuipisha sampu iwe pale chini, imepimwa. Pima chasisi pembe kwa pembe kabla na baada. Na wakati wa kuchomelea, betri itolewe waya, tangi la mafuta lishushwe. Fundi akicheka, tafuta mwingine.

Breki: injini ya petroli huipa busta, ile inayolainisha pedali, mvuto wa hewa, dizeli ya zamani haitoi mvuto huo. Inahitaji pampu yake, mara nyingi iko nyuma ya alteneta. Ukinunua injini isiyo na alteneta hiyo, utaligundua hilo ukiteremka Mazeras, pedali imekuwa ngumu na lori liko mbele yako.

Propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, ipimwe urefu na pembe. Difu (gia za ekseli ya nyuma) ya petroli itaifanya dizeli ipige kelele barabarani, maana mizunguko yake ni michache. Rejeta kubwa, joto la hapa unalijua. Betri yenye nguvu, stata ya dizeli inakula. Bomba la kurudisha mafuta tangini, na filta yenye kutenga maji. Namba mpya ya injini ipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, iingie kwenye logibuku. Risiti na karatasi za forodha usimwachie muuzaji.

Likitoka gereji, wiki za kwanza usipakie, wala usimwazime shemeji. Kaza bolti zote upya, chungulia kandokando ya kila weldingi, na likipita kwenye maji ya bahari, lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Mlango ukianza kukwaruza, usiite mtu wa bawaba.