Kozi ya visasili na ngano onlaini: nilivyosoma mimi, hatua kwa hatua

Nimemaliza kozi ya visasili na ngano ya chuo kimoja cha Marekani nikiwa hapa hapa Tanga, simu yangu na laptop ya kuazima, na watu wananiuliza nilifanyaje, basi nawaandikia yote kwa mpigo.

Hatua ya 1. Saa na bando. Mwisho wa kutuma kazi ulikuwa saa sita usiku ya kwao, pwani ya mashariki, yani saa moja asubuhi kwetu, ila Novemba wakishabadilisha saa inakuwa saa mbili. Andika saa ya kwetu kwenye daftari. Masomo ya wiki nzima yashushe yote siku moja, mtandao ukikata uwe nayo.

Hatua ya 2. Jua hadithi uliyoshika ni ya aina gani. Kuna mafungu matatu, William Bascom, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyapanga vizuri mwaka 1965: kisasili kinaeleza asili ya vitu na wenyewe wanakiamini, kisakale ni cha mtu anayehesabiwa kwamba aliishi, kama Fumo Liyongo wetu, na ngano inajulikana ni ya kutunga. Na tafadhali usiite kisasili cha watu uwongo, ni imani yao ile.

Hatua ya 3, na hapa ndo kwenye kozi yenyewe: chukua hadithi moja uisome kwa matoleo matatu, usikimbilie kusoma hadithi thelathini. Mimi nilichukua ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliikusanya Unguja akaichapisha 1870. Kima anakula kuyu juu ya mti, anamtupia papa chini, wanakuwa marafiki, papa anambeba mgongoni na katikati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima anajibu mbona hukusema mapema, moyo nimeuacha kwenye mti, turudi nikauchukue.

Sasa fungua Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi cha India, hadithi ni hiyo hiyo ila mnyama wa majini ni mamba na mkewe ndo anautaka moyo. Fungua Kalila na Dimna, kitabu kilichotokana na hiyo Panchatantra, aliyekitia kwenye Kiarabu ni mwandishi Ibn al-Muqaffa karne ya 8, utakuta kobe wa majini na nyani anayekula tini. Piga mistari kwenye karatasi: nani, mti gani, nani mgonjwa, moyo umeachwa wapi. Nilipofika safu ya mti nilisimama kabisa, maana kwenye Panchatantra niliyosoma mimi mti ni mwingine lakini kwa Waarabu ni mtini na kwetu ni mkuyu, na mkuyu ni jamii ya mtini! Kwangu hiyo ni dalili hadithi ilitufikia kwa njia ya Waarabu, na essay yangu nzima ikasimama juu ya huo mti mmoja.

Hatua ya 4. Tafuta namba yake kwenye orodha ya ATU, inayopanga ngano za nchi mbalimbali kwa namba (herufi ni za majina ya walioitengeneza: Aarne, Thompson na Uther). Hii ni ATU 91. Namba inakusaidia kupata ndugu zake hadithi, basi, haikuelezi maana yake. Vladimir Propp, mtaalamu wa Urusi, na vitendo vyake 31 vya wahusika wa hadithi pia usimlazimishe hapa, yeye alichambua ngano za maajabu za Urusi.

Hatua ya 5. Msikilize msimuliaji aliye hai. Nilimrekodi bibi, mara ya kwanza feni ilifunika sauti yote ikabidi nimwombe arudie, kwa hiyo zima feni, weka simu juu ya mkeka karibu na magoti yake. Muitikie vizuri anapoanza paukwa, pakawa, usikae kimya kama hakimu. Alipofika kwa kima kusema moyo kauacha, bibi alishika kifua chake akanyamaza kidogo, na kwenye kitabu hakuna hicho kimya, kwa hiyo kiandike.

Hatua ya 6. Omba ruhusa kabla ya kutuma. Nilimuuliza bibi kama niweke jina lake kwenye essay, akasema weka na la mama yake, yeye ndo kampa hii hadithi. Nikaandika majina yote mawili, juu kabisa, kabla ya Steere.