SOMO: Kufunga vipimo vya mionzi ya jua na ya joto hapa kwetu Uganda, kwenye ikweta

Mwezi huu nimeulizwa mara sita: "Mbona grafu yangu ina pengo saa za mchana?" Naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Vifaa ni viwili. Piranomita hupima mwanga wa jua unaofika ardhini. Pirijeomita hupima joto linaloshuka kutoka angani na mawinguni, usiku na mchana. Kazi hii haitaki mkono mzito. Nguvu yote ambayo binadamu ameongeza kwenye joto la dunia kuanzia 1750 hadi 2019 ni kama wati 2.7 tu kwa kila mita ya mraba. Kifaa kikikosea wati kumi, utafiti wa tabianchi hautapata chochote humo.

Hatua ya 1. Nakili namba ya unyeti iliyo kwenye cheti cha kifaa, yaani ile inayogeuza ishara ya kifaa kuwa wati. Kila kifaa kina yake, usiazime ya jirani.

Hatua ya 2. Kaza skrubu za miguu mpaka kiputo cha pima maji kikae katikati.

Hatua ya 3. Mahali pa kufunga. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Kijitabu nilichopewa kilisema kipimo kifungwe kusini mwa mlingoti. Nikatii: mkono wa sentimita 60 kuelekea kusini, na mlingoti ukapanda mita mbili juu ya kipimo. Aprili data ilikuwa safi. Kuanzia Mei, kila siku yenye jua kali, karibu saa saba kasoro dakika kumi mchana, mstari ulianguka kwa dakika chache kisha ukapanda tena. Nikasema ni mawingu. Lakini wingu gani linalokuja kila siku kwa saa ileile? Kilikuwa kivuli cha mlingoti. Huku kwetu jua la mchana huwa kaskazini kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha huhamia kusini. Anayeishi Ulaya hulionea kusini mwaka mzima, na kijitabu kiliandikwa kwa ajili yake. Pengo lile lilidumu hadi mwanzoni mwa Agosti, na dakika hizo zote nimezitia alama ya kosa. Hazirudi.

Kwa hiyo ONYO: Uganda hakuna upande wa mlingoti ulio salama. Kipimo kikae kileleni, pasiwe na kitu juu yake. Mti au jengo lililokizidi kimo liwe mbali angalau mara kumi ya ziada hiyo. Chunguza zaidi mashariki na magharibi, maana huko jua liko chini.

Hatua ya 4. Kirekodi data kisome kila sekunde na kuhifadhi wastani wa kila dakika, kama vituo vya BSRN, mtandao wa dunia wa kupima mionzi. Saa iwe ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwenye daftari usiandike "saa 2" peke yake. Nimepokea daftari ambalo hadi leo sijui kama ni asubuhi au alasiri.

Hatua ya 5. Pirijeomita lazima irekodi pia joto la mwili wake. Mwili ukiwa na nyuzi 25, wenyewe unatoa wati 448. Ishara ikisoma hasi 50, anga inakuletea 398. Ukikosea joto hilo kwa nyuzi moja tu, umekosea wati sita.

Hatua ya 6. Futa kuba la kioo kila asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini, uandike saa.

MASWALI

Kijana wa Mbale: Mkuu, sijasoma yote. Nifunge upande gani wa mlingoti?
Jibu: Hatua ya 3.

Fundi Jinja: Lakini kiwanda kinasema kusini. Wao si ndio wanaojua?
Jibu: Wanajua kifaa chao. Jua la Jinja hawalioni. Simamisha kijiti Juni saa saba mchana, utazame kivuli kinalala wapi.

Binti wa Arua: Shikamoo mwalimu. Usiku piranomita yangu inasoma hasi 3. Jua halipo, hasi inatoka wapi? Niifute?
Jibu: Marahaba binti yangu, umeuliza vizuri sana. Usifute. Usiku usio na mawingu kuba hupoteza joto kwa anga na kupoa kuliko kihisi kilicho ndani, na kihisi huona upotevu huo kama mwanga hasi. Mchana kosa hilo lipo pia, ila mwanga wa jua hulifunika. Linganisha na pirijeomita: utaona hasi inapungua mawingu yakitanda. Feni ndogo ya kupuliza kuba hupunguza tatizo. Niletee grafu yako ya wiki moja tuitazame pamoja.

Fundi Jinja: Nimepima kijiti, kivuli kimelala kusini. Nahamisha. Na kaloli, wale korongo wakubwa, je? Wanatua juu ya kipimo na kukichafua.
Jibu: Asante kwa kupima. Wasimikie kaloli nguzo yao, ndefu kuliko ya kipimo, kwa kanuni ileile ya mara kumi. Iweke kaskazini au kusini, ambako jua halishuki karibu na upeo. Kwangu walihamia baada ya siku nne.