Kuweka profaili ya gogo kwenye programu ya kuchora nyumba za magogo

Mteja wa Kigamboni au Mbweni akitaka kibanda cha magogo, wachora ramani wengi hapa Dar huchora ukuta wa kawaida wa mm 200 kisha huuvisha rangi ya mbao. Kwa picha ya kumwonyesha mteja, hiyo inatosha. Kwa fundi haifai kitu, maana programu haijui kozi (safu za magogo yaliyolazwa) ni ngapi, kona zinashikana vipi, wala magogo mita ngapi yaagizwe. Inayobeba taarifa hizo ni profaili, yaani umbo la gogo likikatwa kwa upande. Majina ya menyu hutofautiana kati ya programu na programu, lakini hesabu ni ileile.

Mfano wetu ni gogo la paini lililochongwa mashineni, kipenyo mm 200, na mfuo (mfereji) chini wenye upana wa mm 100 unaokalia gogo la chini yake.

Hatua ya 1: Pata kimo cha kozi kabla hujawasha kompyuta

Makosa mengi huanzia hapa. Gogo la mm 200 halikupi kozi ya mm 200, kwa sababu mfuo unameza sehemu ya gogo la chini. Zidisha kipenyo kwa chenyewe, toa upana wa mfuo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha chukua kipeuo cha pili:

200 × 200 − 100 × 100 = 30,000; kipeuo chake ni 173.2

Kozi yako ni mm 173.2. Ukuta wa mita 2.7 unadai kozi 15.6, na kozi ya sehemu haipo. Panga kozi 16, ukuta uwe mm 2,771, halafu rekebisha madirisha na paa kufuata hapo. Ukiandika 200 kwenye kisanduku cha kimo, kozi 16 zitasoma mm 3,200 kwenye ramani, na paa litachorwa karibu nusu mita juu ya litakapokaa kweli.

Hatua ya 2: Chora umbo

Weka vipimo kuwa milimita kwanza. Weka kitovu cha gogo kwenye pointi ya sifuri, chora duara la nusu kipenyo mm 100, kisha tia pointi hizi:

- kingo za mfuo: (−50, −86.6) na (50, −86.6)
- kilele cha mfuo: (0, −71)

Pitisha tao kwenye pointi hizo tatu, futa kipande cha duara kilichobaki chini yake, unganisha mistari iwe mmoja uliofungwa. Kihesabu kilele kingekuwa −73.2. Hizo mm 2 na ushee tumeziacha makusudi ili gogo likae kwenye kingo za mfuo na katikati ibaki nafasi ya utepe wa kuziba upepo na mvua. Kilele kikigusa kabla ya kingo, gogo linayumba na mwanga unapenya kati ya kozi.

Ukiingiza umbo kwa faili la DXF (aina ya faili la kuhamisha michoro kati ya programu), pima mara moja. Faili lisilotaja vipimo laweza kusomwa kwa inchi, gogo likatoka kubwa mara 25.4.

Sasa iulize programu eneo la umbo. Liwe karibu milimita za mraba 29,500. Likija 31,416, umesahau kutoa mfuo. Lisipokuja kabisa, mstari haujafungwa mahali fulani, kwa kawaida pale tao linapokutana na duara.

Hatua ya 3: Tengeneza ndugu zake wawili

Profaili moja haijengi nyumba. Kwenye kona za kupishana, kuta za upande mmoja hupanda nusu kozi juu ya zile zinazokutana nazo, yaani mm 86.6. Kwa hiyo unahitaji pia:

- nusu gogo: limepasuliwa kwenye kitovu, bapa likiwa chini, kwa kozi ya kwanza ya kuta za upande wa kwanza
- gogo la chini lisilo na mfuo: limekatwa bapa kwenye −86.6, kwa kuta za upande wa pili

Yote mawili yanakaa juu ya msingi kwenye usawa mmoja. Msingi wenyewe, kwa mchwa wa hapa kwetu na mvua za masika zinazorusha maji ukutani, uinuke angalau mm 300 juu ya ardhi.

Hatua ya 4: Mstari wa rejea na kona

Weka mstari wa rejea, yaani ule ambao programu inapimia ukuta, katikati ya gogo, si kwenye uso wa nje, la sivyo mikato ya kona itahama. Acha ncha zitokeze mm 250 hadi 300 kupita kona. Kumbuka chumba cha mm 3,600 katikati kwa katikati kina mm 3,400 tu matumboni mwa magogo na 3,500 kwenye maungio. Makabati ya jikoni yapimwe kwa 3,400.

Hatua ya 5: Kushuka kwa ukuta

Mti ukikauka husinyaa sana upande wa unene na kidogo mno kwa urefu. Kwa magogo mabichi, wajenzi wengi wa nyumba hizi huacha nafasi ya asilimia 6. Kwa ukuta wetu hiyo ni mm 166, na kwa mlango wa mm 2,100 ni mm 126 za kuacha wazi juu ya fremu na kuzifunika kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Hewa ya pwani ina unyevu, mti haukauki kama wa Iringa, lakini mzigo ukitoka Mufindi mbichi mimi nisingepunguza namba hiyo. Magogo yaliyokaushwa kwenye tanuru yanadai nafasi ndogo kuliko hiyo. Mwombe muuzaji kipimo cha unyevu.

Angalia kisanduku cha kushuka kwenye programu kinataka 6 au 0.06. Na kama bafu ni la tofali, kama ilivyo desturi, usilaze boriti moja juu ya tofali na magogo. Tofali halishuki. Boriti itainama, na dari itafuata. Nguzo za baraza nazo hazisinyai kwa urefu. Ziwekee jeki ya skrubu ya kushushia.

Hatua ya 6: Jaribu

Chora kona moja ya kozi nne, toa orodha ya magogo. Ukishachora ukuta mzima, ule wa mita 6 wenye kozi 16 unapaswa kusoma takriban mita 96 na mita za ujazo 2.83. Hiyo ni mbao iliyokwisha kuchongwa. Oda ya magogo ghafi iwe kubwa zaidi.

Kisha chapisha profaili kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya A3, kwani kwenye A4 kingo za gogo la mm 200 huliwa na pambizo. Zima chaguo la kubana mchoro uenee karatasini, na upime mfuo kwa rula: lazima usome mm 100 kamili kabla fundi hajaukatia kigezo cha plaiwudi.