Somo: Utajuaje kama dawa ya presha imezuia kimeng'enya?

Asalaam alaykum. Hapa Chake Chake hatuna maabara ya panya, lakini mtihani utauliza. Juzi mmoja wenu kaandika: "Presha ya panya imeshuka, kwa hiyo kimeng'enya kimezuiwa." Hapana. Hata ukimtoa panya damu, presha itashuka.

Fikirini mbuzi ya kukunia. Nazi nzima haitoi tui mpaka ikunwe. Angiotensini 1 ndiyo nazi. Mbuzi ndiyo kimeng'enya: huikata ikawa angiotensini 2, nazi iliyokunwa, na hiyo ndiyo inayobana mishipa. Kaptoprili, dawa ya presha, huificha mbuzi. Lakini jirani akikuletea nazi iliyokwisha kukunwa, tui utapata vilevile. Mtego wa jaribio zima umo humo.

Hatua ya 1. Kibali cha maadili kwanza. Kisha panya wa SHR, waliozalishwa Kyoto na Okamoto na Aoki (1963), ambao presha yao ni ya kurithi. Wa kulinganisha nao ni Wistar-Kyoto, panya wa presha ya kawaida.

Hatua ya 2. Wazoesheni. Hapa wengi huharibu. Panya huingia kibombani, mkia nje. Mkia hupashwa joto mshipa utanuke, halafu huvishwa kimkanda kidogo kama pete, cha kupimia presha. Panya aliyetishika presha humpanda, nawe unaandika namba ya hofu. Siku kadhaa, saa ileile, mkono uleule. Vipimo vya mwanzo vitupeni.

Hatua ya 3. Makundi kwa kura: maji matupu, kaptoprili, dawa mpya kwa dozi tofauti. Anayepima asijue nani kapewa nini.

Hatua ya 4. Panya yumo nusukaputini, mrija mmoja kwenye ateri, mwengine kwenye vena. Pigeni angiotensini 1, presha ipande. Mpeni dawa, mrudie dozi ileile ya angiotensini 1: sasa ipande kidogo tu. Kisha angiotensini 2: hii lazima ipandishe kama kawaida. Nayo ikidhoofika, dawa yenu inafanya kazi kwengine. Malizieni na bradikinini, inayoshusha presha. Mshuko wake utazidi, kwani kimeng'enya hichohicho ndicho huivunja. Ferreira wa Brazil aliuona mzidisho huo mwaka 1965 kwa sumu ya nyoka jararaca, na njia hiyo ndiyo iliyofikisha kwenye kaptoprili.

MASWALI

Maalim, badala ya panya tukitumia mbuzi?
Wa kufuga au ya kukunia? Panya ni wadogo, na tunaijua presha yao.

Panya wangu wa kawaida presha haikushuka sana. Dawa mbovu?
Si lazima. Renini yake, kimeng'enya cha figo kinachozalisha angiotensini 1, ni ndogo, nazi chache za kukunwa. Mbaneni ateri ya figo moja, alivyofanya Goldblatt kwa mbwa mwaka 1934. Renini ikipanda, dawa itaonekana.

Bi mkubwa kule Wete anatumia vidonge vya kaptoprili, anakohoa kikohozi kikavu usiku kucha. Mbona panya hawakuonyesha?
Kimkanda cha mkiani hakisikii kikohozi. Hudhaniwa ni bradikinini iliyorundikana. Asiache mwenyewe, mpelekeni kwa daktari, zipo za kundi la losatani, zinazoizuia angiotensini 2 yenyewe badala ya kimeng'enya. Na dada yako mjamzito asionje vidonge vyake, hivyo wala losatani.